Ulemavu ni Mmoja, Ugonjwa ni Mwingine

(Maneno yaliyosemwa na watu wa gengi la njia mbele ya mkutano wa tawi, Malaba)

  Kwa desturi sisi watu wa gengi tukisimama katika mkutano huu ni kwa habari ya mishahara, posho, viatu na makoti ya mvua. Habari hizo zingalipo, wala hatujazisahau. Lakini leo twaomba mtusikilize kwa habari nyingine, iliyotukuta sisi wenyewe juu ya reli, na ambayo tuliikosea vibaya kabla hatujaijua.

Habari yenyewe ni hii. Mtu aliyezaliwa na ulemavu wa akili aweza pia kushikwa na ugonjwa wa akili, sawasawa na mtu mwingine yeyote. Mambo hayo ni mawili, si moja. Ulemavu wa akili ni kujifunza polepole na kuelewa kwa shida tangu utoto. Mtu huwa nao maisha yake yote, wala si ugonjwa wa kuponywa kwa dawa. Ugonjwa wa akili ni kitu kinachomjia mtu: huzuni isiyokwisha, hofu, kusikia sauti zisizokuwapo, kukosa usingizi, na mengine kama hayo. Huo waweza kutibiwa. Lakini kwa kuwa majina yake yafanana, na kwa kuwa watu wetu huwaita wote kwa matusi yale yale, twachanganya mambo hayo mawili, na yule mwenye yote mawili hukosa msaada wa kila upande.

Sasa twawaeleza yaliyotupata.

Mwenzetu mmoja wa gengi ana mdogo wake, kijana wa miaka 24 hivi. Jina lake hatulitaji, maana heshima yake ni yake. Hajui kuhesabu fedha, shule hakupita darasa la pili, na maneno yake ni machache. Lakini kila asubuhi alituletea ndoo ya maji ya kunywa huko kazini, na alijua kikombe cha kila mtu. Tena alijua magarimoshi. Alisikia mlio wa injini ingali mbali, akasema “Kampala” au “Eldoret”, wala hakukosea. Kijana huyo alikuwa kama mmoja wa gengi.

Mwaka juzi, wakati wa mvua za masika, mama yake alikufa. Siku ya mazishi wazee walisema, “Huyu haelewi kitu, ataleta fujo tu.” Akapelekwa kwa jirani. Aliporudi nyumbani alikuta kitanda cha mama kimeondolewa. Aliuliza, akaambiwa kwamba mama amesafiri.

Tangu siku hizo alibadilika. Hakulala usiku, alizungukazunguka uani. Aliacha kula. Alijigonga kichwa ukutani, na akiguswa shavu alipiga kelele. Maji hakuleta tena. Nasi tulisema nini? Tulisema, “Uzuzu wake umezidi.” Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema amepewa waragi na vijana wa malori. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema kwamba kijana huyu anaumwa.

Jioni moja alionekana ameketi juu ya reli karibu na mto Malaba, uso wake umeelekea Uganda, na garimoshi la mizigo laja. Ninyi mwajua wenyewe, garimoshi la mizigo halisimami kama baiskeli. Dereva alipiga honi na kukaza breki. Mwenzetu mmoja alikimbia juu ya mataruma akamshika shati akamvuta. Garimoshi liliposimama, injini ilikuwa imekwisha kupita pale alipokuwa ameketi.

Baada ya hapo tulifanya neno ambalo hata leo twaona haya kulisema. Tulimfunga kamba. Tulimweka katika banda la vifaa siku tatu, tukasema ni kwa usalama wake. Mikono yake ilivimba. Kisha tulimpeleka mahali pa matibabu, ambapo hatutapataja. Pale hawakumwuliza neno wala hawakutuuliza sisi. Alipigwa sindano kali, tukaambiwa, “Huyu ndivyo alivyozaliwa, mrudisheni nyumbani.” Alilala siku mbili, shingo ikakakamaa, mate yakamtoka mdomoni. Alipoamka alikuwa vile vile, ila sasa alituogopa.

Mwisho akina mama wa kanisa walituonyesha muuguzi mmoja aliyesomea mambo haya. Mama huyo hakuanza kwa sindano. Alianza kwa swali moja: “Mwaka jana alikuwaje?” Tukamwambia habari za ndoo, na za vikombe, na za magarimoshi. Akasema hivi: “Basi ikiwa mwaka jana aliweza, na mwaka huu hawezi, jambo hilo hakuzaliwa nalo. Limekuja. Na tutafute limetoka wapi.”

Ndugu wanachama, neno hilo moja ndilo lililotufanya tusimame mbele yenu leo. Sisi twajua injini. Iko injini ambayo tangu siku ya kwanza hupanda mlima polepole. Huo ndio mwendo wake, na dereva aijuaye haigombezi. Lakini siku ikianza kutoa moshi mweusi au mlio usiokuwa wake, dereva hasemi, “Aa, hii ni injini ya polepole tu.” Huisimamisha, akatafuta kasoro. Kwa chuma twafanya hivyo, na kwa mwana wa mwenzetu hatukufanya.

Yule mama alimfungua kijana kinywa, akaona jino limeoza na ufizi una usaha. Akauliza habari za tumbo na choo, za homa, na za kifafa. Halafu akauliza ni nani aliyekuwa akimlea, na tukamwambia kwamba mama amekufa. Akauliza, “Nani aliyemwambia?” Tukanyamaza sote.

Ndipo ndugu yake alipokumbuka jambo. Mama yao alikuwa akivuka kwenda Tororo kuuza vitu vyake, na kila jioni alirudi kwa njia ile ile. Kijana aliambiwa kwamba mama amesafiri. Basi pale juu ya reli hakuwa anafanya wazimu. Alikuwa anamngojea mama yake.

Jino liling'olewa. Daktari alimpa dawa ya huzuni kwa kipimo kidogo. Na yule mama alituagiza tumweleze kwa maneno ya wazi, tusiseme “amelala” wala “ametutoka”, bali tuseme amekufa, hatarudi, nasi tupo. Ndugu yake alimpeleka kaburini, akamwonyesha, akakaa naye pale mpaka jua likatua. Alilia kwa mara ya kwanza tangu masika.

Ndugu zanguni, kosa hili tulilolifanya si jipya, na ni vizuri tujue tulilirithi kutoka wapi. Katika miaka ya 1930 walikuwako madaktari mjini Nairobi, H. L. Gordon na F. W. Vint, waliopima vichwa na bongo za Waafrika, wakadai kwamba ubongo wa Mwafrika ni pungufu kuliko wa Mzungu. Baada yao J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Alisema kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra kwa Waafrika. Kwa maneno mengine, Mwafrika hana akili ya kutosha kuhuzunika! Mwaka 1979 wataalamu wawili, Orley na Wing, walitangaza utafiti wao wa vijiji viwili vya Uganda. Waliona kwamba wanawake wa vijiji hivyo walikuwa na huzuni ya ugonjwa kupita wanawake wa Camberwell, mtaa wa London. Huzuni ilikuwako siku zote. Aliyekosa ni yule asiyeuliza.

Sisi tukisikia maneno ya Gordon na Carothers twakasirika, na ni haki yetu kukasirika. Lakini neno lile lile tulilosemewa sisi, ndilo tulilomsemea kijana wetu: haelewi kitu, hawezi kuhuzunika. Tusimfanyie mdogo wetu yale tuliyoyachukia kufanyiwa.

Mjue pia kwamba watu wenye ulemavu wa akili hupatwa na magonjwa ya akili zaidi kuliko watu wengine, wala si kidogo kuliko wao. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha hivyo. Sababu zake zafahamika. Wengi wao wana kifafa pia. Wengi hudhihakiwa, hupigwa, na wasichana huharibiwa na watu wabaya wanaojua kwamba ushahidi wao hautasikilizwa. Wengi hawana kazi wala rafiki. Na wakiumwa hawawezi kusema “naumwa hapa”, bali maumivu yao hutoka kwa njia ya kelele, ya kupiga, ya kukimbia au ya kunyamaza. Mganga asiyejua huona kelele, asione maumivu.

Tena hapa kwetu Busia ziko sababu za nchi hii hasa. Malaria ikipanda kichwani yaweza kumwachia mtoto ulemavu wa akili au kifafa cha maisha. Tangu mwaka 2019 Busia ilikuwa miongoni mwa kaunti za magharibi zilizoanza kupewa chanjo ya malaria kwa watoto wadogo. Wazazi, msiiache chanjo hiyo, wala msiache vyandarua. Jambo la pili ni nguruwe wanaozurura. Watafiti wamekuta malengelenge ya tegu katika nguruwe wa Busia. Mayai ya tegu yakimwingia mtu kwa uchafu, huanguliwa, na mabuu yake yaweza kufika katika ubongo yakaleta kifafa. Dawa ya hilo ni choo, kunawa mikono, na kufunga nguruwe. Uchawi haumo.

Zamani mtu wa namna hii alipelekwa mbali. Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka 1910, mahali palipokuwa kambi ya wagonjwa wa ndui. Upande wa Uganda, hospitali ya Butabika ilifunguliwa mwaka 1955. Kutoka Malaba kwenda Nairobi ni safari ndefu, na wengi waliopelekwa mbali walisahauliwa huko huko. Lakini huko Abeokuta, Nigeria, Daktari T. A. Lambo alianza mwaka 1954 kuwaweka wagonjwa vijijini pamoja na ndugu zao, huku wakitibiwa. Aliona kwamba mtu hupona vyema akiwa katikati ya watu. Na hapa Kenya, sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imeweka juu ya serikali za kaunti wajibu wa kutoa matibabu hayo karibu na wananchi. Basi haki hiyo tuidai hapa hapa, kama tunavyodai haki nyingine.

Sasa twawapa mambo machache ya kushika. Hayahitaji elimu kubwa. Sisi wenyewe tulisoma shule ya msingi ya misheni tu, na tumeyaweza.

1. Mjue mtu wako alivyo siku za uzima. Andika katika daftari: hula nini, hulala saa ngapi, hufanya kazi gani, husema maneno gani. Siku akibadilika, peleka daftari hilo kwa mganga. Sisi tuna kitabu cha ukaguzi wa reli, na mtu naye astahili kitabu.

2. Akibadilika, tazama kwanza mwili: meno, masikio, macho, tumbo, choo kigumu, homa, kifafa. Kisha tazama maisha yake: nani amekufa, nani amehama, nani anampiga, nani anamcheka. Kisha ndipo mfikirie ugonjwa wa akili. Uchawi msiufikirie kabisa.

3. Dawa ziwe kwa kipimo kidogo kwanza, zikiongezwa polepole, maana watu hawa hudhurika upesi. Akikakamaa shingo, akitetemeka au akilala kupita kiasi, rudini kwa daktari mara moja. Wala msikatishe dawa ghafula kwa shauri lenu wenyewe, hasa ya kifafa. Tena mwulize daktari dawa hii ni ya nini, na itaangaliwa tena lini.

4. Mwambieni mambo yake kwa maneno mafupi, neno moja kwa wakati mmoja, na picha ikiwapo. Msimfiche msiba. Mwulizeni yeye mwenyewe kabla ya kuuliza wengine juu yake.

5. Kamba na mnyororo, hapana. Akiwa na hasira, ondoeni watu na kelele, mtu mmoja anayempenda akae naye kwa utulivu.

6. Mpeni kazi na saa za kazi. Kukaa bure humwua mtu kwa moyo, awe mwerevu au si mwerevu.

7. Awe na kadi mfukoni yenye jina lake, jina la ndugu na namba ya simu. Sisi tuko mpakani. Mtu asiyeweza kujieleza akivuka upande wa pili, hakuna ajuaye ni wa Kenya au wa Uganda. Behewa likivuka Malaba lina hati yake, hata likiwa tupu. Je, mtu avuke bila hati?

8. Mwandikisheni katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kupimwa hospitalini. Nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mzito yaweza kuombewa fedha za Inua Jamii, Sh. 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini ni nauli ya kumpeleka kliniki.

9. Msichana au mvulana akiharibiwa, msikubali kumalizana kwa mbuzi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 50, yaruhusu korti kumpa mtu wa kumsaidia kueleza. Ushahidi wake waweza kusikilizwa.

Twajua yupo mmoja wenu anayejisemea moyoni, “Chama hiki ni cha mishahara, haya ni mambo ya hospitali na kanisa.” Twamjibu ndugu huyo kwa upole. Kwanza, mwenzetu alipokuwa akikesha usiku na mdogo wake, alikuja kazini na macho mekundu, akapewa onyo kwa kuchelewa. Hakusema sababu, kwa kuwa aliona aibu. Mtu asiyelala akishika nyundo au pointi, hatari ni yetu sote. Kwa hiyo ni jambo la kazi. Pili, Katiba ile ile ambayo katika ibara ya 41 yatupa haki ya kuwa na chama na kugoma, katika ibara ya 54 yasema kwamba mtu mwenye ulemavu astahili kuheshimiwa, tena aitwe kwa jina lisilomdhalilisha. Hatuwezi kushika ukurasa mmoja na kuchana mwingine. Tatu, wazee wetu walisema, hujafa hujaumbika. Leo ni mdogo wa mwenzetu, kesho kokoto moja yaweza kukurukia wewe kichwani.

Wamesema pia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni kweli, kwetu sisi ulikuwa mwepesi, ndiyo sababu tulimwachia ndugu yetu peke yake mpaka ukamshinda. Kazi ya chama ni kuweka mabega mengi chini ya mzigo mmoja, kama tunavyoinua reli. Hakuna mtu ainuaye reli peke yake.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, twaomba mkutano uamue mambo manne. La kwanza, katibu awaandikie wakubwa wa kazi, ili mfanyakazi mwenye mgonjwa wa namna hii apewe ruhusa ya siku ya kliniki bila kukatwa mshahara. La pili, pawe na mchango mdogo kila mwezi wa nauli na dawa, na hesabu yake isomwe hapa hadharani. La tatu, mtu yeyote wa reli akimwona mtu ameketi juu ya njia, kwanza apige simu stesheni, kisha aende kwake kwa upole, asimtupie mawe. La nne, maneno “zuzu”, “punguani” na “kichaa” yasitumike tena katika landhi zetu wala kazini, hata kwa mzaha.

Mtatuuliza, kijana yuko wapi sasa? Yuko. Hakupona yote. Ziko siku halali, na mvua za masika zikianza hubaki ndani. Lakini dawa yake hunywa, na kwa kaburi la mama huenda mwenyewe akipeleka maua. Tangu mwezi wa Agosti mwaka jana analeta maji tena. Siku ya kwanza alipofika, alitugawia vikombe, kila mtu chake. Kimoja kilibaki, cha mzee wetu aliyestaafu alipokuwa mgonjwa. Alikishika kwa muda, akauliza, “Amekufa?” Tukamjibu, “Hapana, amestaafu, yuko kwake Amukura.” Akakirudisha ndani ya ndoo, akaenda zake.

Tangu siku ile hatujapata kumwambia uwongo.

Ndugu Mwenyekiti, hayo ndiyo maneno yetu. Tumekosa, tumejifunza, nasi tumewaletea. Twaomba kura ipigwe.